Siku Zalalia Wapi

Watu wakiniuliza ninasomea nini, huwajibu kwamba nasomea shilingi. Hufurahi, kwa kuwa wanadhani nitaishia benki. Kosa langu ni kwamba siishii hapo. Nikiwa jikoni kwenye shughuli ya harusi, mikono imejaa vitunguu, nitaanza kueleza kwamba si shilingi ya kununulia kitu bali ya kurusha hewani, kichwa au mwenge, na kwamba ziko shilingi zisizo za haki, ambazo kwa siri hupenda upande mmoja kuliko mwingine, na kwamba kazi yangu ni kuuliza kama mashine isiyo na kumbukumbu ya kutosha inaweza kuzitambua. Wanawake wa Tanga wana adabu. Hunisikiliza mpaka mwisho, halafu mmoja huuliza kama nimeshapata mchumba.

Nitaeleza tena hapa, kwa sababu bila hili habari ya mama yangu haieleweki. Chukua shilingi mbili, moja inaelemea kichwa kidogo na nyingine inaelemea mwenge kidogo. Ukipewa moja usiambiwe ni ipi, utairusha mara nyingi, utahesabu, utajua. Hilo halina ujanja. Ujanja unaanza pale anayerusha hana pa kuandika wala akili ya kuhifadhi hesabu. Mashine zangu ziko kama nyumba yenye vyumba vilivyopangana kwa mstari. Mashine hukaa chumba kimoja kwa wakati. Kikija kichwa inahamia chumba cha mbele, ukija mwenge inarudi cha nyuma. Haijui imefikaje hapo ilipo, inajua tu iko chumba gani. Ikigota chumba cha mwisho upande mmoja, inatamka hukumu yake. Vyumba vikiwa vichache, mirusho michache ya bahati mbaya huisukuma mpaka ukingoni, nayo ikasema uongo kwa kujiamini kabisa. Na kadiri shilingi inavyoelemea kidogo, ndivyo vyumba vinavyotakiwa viwe vingi. Hilo lina uthibitisho wake. Huwezi kulibembeleza likupunguzie.

Nilikuwa katikati ya kuandika tasnifu juu ya mashine hizo mama alipopata kiharusi. Kilikuwa kidogo. Mguu ulirudi, mkono ulirudi, ulimi ulirudi ukiwa mkali kama zamani. Kisichorudi vizuri ni kumbukumbu ya mambo ya karibuni. Alikumbuka jina la kila mteja aliyemuuzia iliki na pilipili manga sokoni tangu mimi sijazaliwa, lakini aliweza kuniuliza asubuhi nimefika lini, na mimi nina wiki kadhaa nalala chumba cha pili. Daktari alisema kumbukumbu inaweza kurudi taratibu au isirudi, tumpe mazoezi na tuangalie mwelekeo. Nilirudi nyumbani Mabawa, hapa Tanga, na kompyuta yangu, nikaweka meza chini ya dirisha la uani, nikaanza kuangalia mwelekeo.

Kaka yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam. Si mtu mbaya, ni mtu wa haraka. Kabla sijarudi, mama aliwahi kusahau sufuria ya maharage ya nazi juu ya jiko la gesi mpaka jirani akaona moshi, na tangu siku ile kaka hakuona kingine. Alitenga chumba kwake, akaweka feni na kitanda kipya, akatafuta dada wa kumhudumia. Kila akipiga simu aliuliza lini aje kumchukua. Mimi kwa upande wangu nilikuwa mbaya zaidi. Mama akikumbuka jambo moja, nilimpigia kaka kumwambia amepona. Kesho yake akisahau, nilijifungia jikoni nikalia. Mtu mzima, ninayefundisha vijana kwamba mrusho mmoja wa shilingi hausemi kitu, nilikuwa naishi kwa mrusho wa jana tu. Kaka naye alishagota chumba cha mwisho siku ya sufuria, akafunga mlango.

Aliyetuumbua ni mama mwenyewe. Siku moja tukinywa chai baada ya Alasiri, alinisikia nikibishana na kaka kwenye simu, huyu anasema anazidi kuharibika, huyu anasema anazidi kupona. Nilipokata simu akaniangalia kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu augue.

"Nyie mwanisemea kama n'shakufa," akasema. "Mie sitaki kuambiwa niko vipi. Nataka nijue mwenyewe. Siku zangu zalalia wapi?"

Neno hilo la kulalia ni la mizani. Alipokuwa akiuza viungo alikuwa na mizani ya mkono, yenye visahani viwili, na mwenzake sokoni akitaka kumdanganya alikuwa akisema, angalia, yalalia kule. Mizani ya haki hailalii. Ya hila hulalia kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kukiona ukipima mara moja. Nilikaa na kikombe mkononi. Miaka yote ile nilikuwa natafuta neno la Kiswahili la kile ninachokisomea, na mama yangu alikuwa nalo mdomoni.

Basi nikamweleza. Nilimwambia siku zake tuzifanye shilingi. Kila siku, chai ya Alasiri ikishamiminwa, ataulizwa swali moja: mchana tumekula nini? Akipatia, siku hiyo ni kichwa. Akikosa, ni mwenge. Hatutaandika, kwa kuwa maandishi angeona tumemwandikia sisi. Tutakuwa na kitu kimoja cha kusogeza mbele na nyuma, mbele akipatia, nyuma akikosa, na hata akisahau kila kilichopita, atakapokitazama kitu hicho atajua siku zake zinalalia wapi. Mwisho mmoja utakuwa kubaki nyumbani kwake. Mwisho wa pili utakuwa kwenda Dar. Alinisikiliza kwa makini, akaniuliza kama haya ndiyo niliyokuwa nikisomeshwa siku zote. Nikasema ndiyo. Akasema kumbe yana maana.

Kaka alikubali kwenye simu, ila akataka jambo liishe kwa haraka, hatua chache tu kila upande. Nilimwambia hatua chache zinaweza kumalizwa na wiki moja ya usingizi mbaya, na mtu hahamishwi nyumbani kwake kwa sababu ya usingizi mbaya. Tukavutana, akachoka.

Kitu cha kusogeza nilikichagua mimi, na hapo usomi wangu ulinipotosha. Niliona tasbihi ya mama ikining'inia kwenye kitasa. Punje zimepangana, moja baada ya nyingine, zina mwanzo na mwisho. Nani asingeiona? Nikafunga uzi mwekundu kwenye punje ya katikati, na kila Alasiri tukaufungua na kuufunga tena mbele kidogo au nyuma kidogo. Mama alikuwa akivuta uradi wake kama kawaida, uzi ukipita vidoleni. Wiki zikaenda. Uzi ulipanda, ukashuka, ukapanda.

Halafu asubuhi moja niliamshwa na sauti ya jirani yetu uani. Ni shoga yake mama tangu ujana, mtu wa kijiji cha Kigombe, mimi namwita mama mdogo. Alikuwa anasoma sura ya Falaki, ile ya kujikinga na uchawi, kwa sauti ya juu. Nikatoka na kanga kifuani. Mama amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, uso umemsawijika, na mbele yake kuna bakuli la maji ya chumvi. Ndani ya bakuli umo uzi wangu mwekundu, umekatwa kwa mkasi.

"Nimefungwa," mama akaniambia kwa sauti ndogo. "Mtu kanifunga kwenye tasbihi yangu. Ndo mana akili zapotea. N'nani alonifunga?"

Asubuhi ile alikuwa amesahau mapatano yetu yote. Alimaliza Alfajiri, akashika tasbihi, vidole vikakutana na fundo. Mtu yeyote wa pwani akikuta fundo la uzi mwekundu kwenye kitu chake cha ibada anajua la kufikiri, na mama akafikiri hivyo hivyo. Ikanibidi niseme ni mimi. Sitasahau jinsi mama mdogo alivyonitazama. Nilisema maneno mengi, mashine, vyumba, kulalia, na kila nilipoongeza neno ndipo nilipozidi kuonekana mchawi. Mwishowe aliuchukua uzi kwa ncha za vidole akautupa nje ya ukuta, akasema kumbe na wasomi nao wamo.

Mchana mama alikumbuka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita shoga yake tena ili wacheke wote. Lakini mimi sikuweza kucheka. Mashine yangu haihifadhi chochote isipokuwa chumba iliko, na chumba chenyewe kilikuwa kimekatwa kwa mkasi na kutiwa kwenye maji ya chumvi. Nilimwambia mama kwamba nakumbuka uzi ulikuwa punje gani, tuurudishe pale pale. Akatikisa kichwa.

"Hayo nimeambiwa," akasema. "Sijayaona kwa macho yangu. Tuanze upya."

Safari hii kitu alikichagua yeye. Ndani ya kabati kulikuwa na mkeka aliokuwa akiushona kabla hajaugua, haujaisha, mwembamba, kili zake, zile tepe za ukindu uliosukwa, zimeshonwa ubavu kwa ubavu, za rangi na zisizo na rangi. Akanifanya niutundike kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, kisha akachukua kibanio kimoja cha nguo akakibana pembeni, kwenye ukili wa katikati. Kila ukili ukawa hatua. Juu ni nyumbani, akasema, chini ni Dar. Kibanio cha nguo hakimtishi mtu. Na mkeka ule ulikuwa kazi ya mikono yake, kila mshono anaujua, hata siku mbaya kabisa asingeweza kudhani umewekwa na adui. Nilijilaumu kwa kutouona mapema, kisha nikaacha kujilaumu kwa kuwa haisaidii kupika.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyojifunzia subira, kitu nisichojaliwa. Kibanio hakikupanda kama nilivyotaka. Kilipanda kili mbili, kikashuka tatu. Wakati fulani kilikaribia chini, nikakonda. Kaka akipiga simu nilimwambia ukweli, naye alisema pole kwa namna inayomaanisha nilikwambia. Mimi najua kwamba siku za binadamu si shilingi halisi. Shilingi haichoki, haipatwi na presha, na mrusho wake wa jana hauusukumi wa leo. Kama mwanafunzi wangu angeniletea mkeka ule kama uthibitisho ningemrudishia na wino mwekundu. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo sikulitegemea. Kwa kuwa kibanio ndicho kilichobeba yaliyopita, mimi niliacha kuyabeba. Mama akikosa, tulishusha hatua moja, tukaendelea kunywa chai. Ilikuwa hatua moja tu. Nililala usingizi.

Na taratibu kikaanza kulalia juu. Sikuamini kwanza. Halafu hata mama mdogo, ambaye alikuwa bado anautazama mkeka kwa jicho la pembeni, akawa akiingia uani anaangalia kibanio kabla ya kutuamkia.

Kibanio kilikuwa kimebakiza ukili mmoja kufika juu kaka alipokuja. Alikuja Ijumaa, na gari, na kiti cha nyuma kimetandikwa shuka na mto, maana alikuwa hajaamini maneno yangu ya simu. Sikumlaumu. Mama mdogo alituletea samaki changu kutoka Kigombe, tukala wali wa nazi na samaki wa kupaka, kaka akala kama mtu aliyetoka jela. Baada ya Alasiri chai ikamiminwa. Kaka akaomba aulize yeye.

"Mama, mchana tumekula nini?"

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akitafuta. Alitazama juu, akatazama mikono yake, akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshikwa. Mwishowe akasema, "Ugali."

Nilimtazama kaka, nikidhani atanitupia jicho la ushindi. Badala yake niliona macho yake yamelowa. Alikuwa hajamwona mama akikosa. Alikuwa ameona sufuria iliyoungua tu, tena kwa kusimuliwa. Akainuka, akashika kibanio, akasema kwa uchangamfu wa uongo, "Umepatia, mama. Ugali." Akataka kukipandisha.

Mama alinitazama mimi, na uso wangu haujawahi kuficha kitu. Kisha akainua mkono wake wa kulia mpaka puani, akanusa vidole.

"Mkono wanuka samaki," akasema. "Weye wanidanganya."

Kaka akajitetea kwamba hata hivyo sasa amejua, amejua kwa pua, nayo ni akili pia. Mama akasema pua imekuja baada ya jibu, na jibu lilikuwa ugali. Akanyanyuka taratibu, mkono mmoja ukutani, akamwondoa mwanawe wa kwanza pale mlangoni kama anavyoondolewa mtoto mbele ya jiko. Akakishika kibanio, akakishusha ukili mmoja. Kisha akarudi kukaa, akaomba sukari.

Nilijivunia mama yangu wakati ule kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote nilichokifanya mwenyewe. Kaka alitoka uani akakaa muda mrefu. Aliporudi alisema mkeka utolewe, hauhitajiki tena, mama anabaki, yeye ameridhika. Nilimkumbatia. Mama ndiye aliyekataa.

"Weye umeridhika," akamwambia. "Mie bado. Mkeka haujasema."

Kaka akaondoka Jumapili, kiti cha nyuma kimejaa nazi na machungwa ya Muheza badala ya mtu. Mto alituachia.

Mimi nikarudi kwenye meza yangu chini ya dirisha. Tasnifu ilikwisha. Ndani yake imo sura fupi juu ya mashine ambayo mtu wa nje anaweza kuifuta kumbukumbu ghafla na kuirudisha chumba cha mwanzo, na ni kiasi gani cha ukweli kinaweza kuokolewa. Watahini waliniuliza wazo hilo nimelipata wapi. Nilisema nyumbani. Sikutaja mkasi wala maji ya chumvi, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na nilitaka kufaulu.

Mkeka ulisema siku ya kawaida kabisa. Mchana tulikuwa tumekula mihogo ya nazi. Baada ya Alasiri mimi nilikuwa nasubiri chai ichemke huku nasoma kitu kwenye simu, hata sijauliza, mama akasema kwamba ile mihogo ya mchana niliitia chumvi kama ninayempikia mtu niliyegombana naye. Nikaitazama simu, nikamtazama yeye. Nilikwenda mlangoni, nikamwambia aje akisogeze mwenyewe. Akaja, akakibana kwenye ukili wa juu, ule wa mwisho, akapapasa mkeka kutafuta mwingine, hakuna.

Nilimpigia kaka. Alisema Alhamdulillahi mara nyingi, kisha akaniuliza kama nalia. Nilikuwa nalia, nikamwambia hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama amesimama mbele ya mkeka, kanga zilizofuliwa begani, anakitazama kibanio.

"Hiki chafanya nini huku juu?" akaniuliza.

Nilimwangalia usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Nikamwambia kwamba hicho ndicho kilichotuonyesha, kwamba siku zake zimelalia upande mzuri, kwamba hahami, anabaki hapa hapa nyumbani kwake.

Akanishangaa. "Kwani nlikuwa nakwenda wapi?"

Akakibandua, akatoka nacho uani kuanikia kanga.